Maji Chini ya Zulia

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana ni ndefu, na wewe ukisoma umesimama huruka mistari. Kifua chako kinaendeleaje? Wifi aliniambia kikohozi kimepungua tangu uache kulala dirisha likiwa wazi. Na watoto je? Mkubwa ameshaizoea miwani yake, au bado anaificha mfukoni akifika shuleni? Mimi huku ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, na nguo zangu bado zinanitosha. Nyumba ni ileile ya kupanga, na jirani ni yuleyule anayeimba akiwa bafuni kana kwamba amelipwa.

Ujumbe wako nimeupata. Wifi alinisomea kwenye simu polepole, kama mtu anayemeza dawa chungu kwa niaba ya mwenzake. Kwamba Meneja amekupigia. Kwamba amekwambia nimemchongea kwa wakubwa zake. Kwamba nimekuaibisha wewe, uliyenishika mkono ukanipeleka mlangoni kwake ukasema huyu ni dada yangu, mpe kazi. Na kwamba nimwandikie barua ya kumwomba radhi kabla wiki haijaisha. Kaka, wewe ndiye uliyenilea tangu wazazi wetu walipotutoka. Hujawahi kunipa neno nikakurudishia. Leo nakurudishia. Barua hiyo siiandiki. Lakini sitaki uhukumu kwa kusikia upande mmoja, kwa hiyo nivumilie nianzie mwanzo.

Kwanza ujue hoteli yenyewe ilivyo siku hizi, maana wewe uliiona ikiwa bado inang'aa. Ni moja ya zile hoteli za kampuni kubwa, zenye kibao kimoja na mapazia ya rangi moja kila mji, hata picha ya maua juu ya kitanda ni ileile. Wageni wetu wengi hufika na picha kwenye simu zao. Wanaiangalia picha, wanaliangalia jengo, kisha wanamwangalia dada wa mapokezi. Picha ni zetu kweli, ila zilipigwa wakati bwawa la kuogelea lina maji. Sasa hivi bwawa tunaanikia mashuka, na niseme haki, yanakauka vizuri, upepo haufiki mle chini.

Halafu kuna barabara kuu. Malori yanapita karibu kiasi kwamba glasi ikiwekwa mezani inatembea yenyewe. Muuzaji mmoja wa dawa za mifugo, anayelala kwetu kila mwezi, aliniambia huweka meno yake ya bandia kwenye glasi, na akiamka huyakuta yanacheka. Huyo alikuwa mgeni mwenye roho nzuri. Wengine hawakuwa na sababu ya kucheka. Bwana na bibi harusi walikwama kwenye lifti saa nzima. Waliingia wameshikana mikono, wakatoka kila mmoja amebeba begi lake. Maji ya moto yalikuwa yanakuja mgeni akishavaa. Mashine za kupoza hewa zilikohoa kuliko wewe, kaka, na zenyewe hazikuwa na wifi wa kuzifungia dirisha.

Kila mgeni akiondoka tulimpa karatasi ya kutoa maoni. Juu iliandikwa: Tuambie ulivyofurahia kukaa nasi. Chini kulikuwa na visanduku vitatu: Vizuri, Vizuri Sana, Bora Kabisa. Hapakuwa na cha nne. Mama mmoja alichora cha nne kwa kalamu yake, akaweka tiki, akaandika pembeni: Mungu anawaona. Dada wa mapokezi alitaka kuitupa karatasi ile. Mimi niliiomba nikaiweka stoo, nyuma ya sabuni. Kila nikichoka nilikuwa naisoma.

Rafiki yako Meneja tulimwita Bwana Tabasamu, bila yeye kujua. Kila Jumatatu alitupanga mstari, akatufundisha kwamba mgeni hanunui kitanda, ananunua tabasamu. Sitamsingizia, kaka. Nilipougua alinipa mapumziko bila maneno. Na najua aliandika makao makuu mara nyingi akiomba mabomba mapya. Mara ya mwisho walimletea mabango ya kubandika ukutani yenye picha ya binti anatabasamu. Mtu ukiomba bomba ukaletewa meno, nadhani kuna kitu kinakufa ndani yako. Lakini kuvunjika moyo ni jambo moja, na kumvunja mwenzako ni jambo jingine.

Sasa chumba namba mia na kumi na nane. Kiko chini, mwisho wa korido, karibu na mlango wa bustani. Ukuta wake wa bafuni una bomba lililokuwa likivuja kwa ndani. Maji yalipita chini ya vigae, yakatokea chumbani chini ya zulia. Kwa macho huoni kitu. Zulia lile ni la rangi ya kahawia iliyoiva, haionyeshi hata damu. Mpaka ukanyage. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa vyumba vya chini, na niliandika habari hiyo kwenye daftari la matengenezo mara nne, tarehe na saa. Mara zote nne aliletwa fundi wetu wa mabomba, tunayemwita Fundi Gundi, kwa kuwa hiyo ndiyo dawa pekee aliyopewa ya kutibu magonjwa yote ya jengo. Alikuwa anapaka gundi kwenye vigae, anavigonga kwa kiganja, anasema mgonjwa amepata nafuu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliuziba kwa gundi, na ukuta tukaupaka rangi. Mwisho nilikifunga chumba kile. Niliandika karatasi kwa mkono wangu, CHUMBA HAKITUMIKI, nikaibandika mlangoni, na Meneja mwenyewe akaiona.

Ikaja ile Alhamisi. Mchana lori la mafuta lilipinduka barabarani, kilomita chache kutoka kwetu, na barabara ikafungwa pande zote mbili. Ilipofika saa kumi na moja, hoteli ambayo kwa kawaida ina wageni ishirini ilikuwa na foleni mpaka kwenye maegesho. Watu wamechoka, watoto wanalia, kila mtu anataka chumba. Meneja alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona usoni mwake. Safari hii hakujifundisha kutabasamu. Alikuja pale mapokezi akatuambia, mimi na dada wa mapokezi, tufungue vyumba vyote. Nikamuuliza, hata mia na kumi na nane? Akasema, "Vyote ni vyote. Mtu aliyekwama barabarani hachagui."

Katika foleni ile walikuwepo wazee wawili. Bibi alikuwa mkunga mstaafu, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa na wanawake wenye uchungu. Mumewe alikuwa fundi wa redio mstaafu, mrefu, ameshika fimbo nyeupe. Haoni. Macho yalimfifia kidogo kidogo kwa miaka, akaniambia baadaye, kama betri inavyoisha. Walikuwa wanakwenda kwa binti yao, mwalimu, anayeishi mji huuhuu ninaokaa mimi, ng'ambo ya lile lori. Kilichowazuia ni barabara tu. Mkunga aliomba chumba cha chini, kwa sababu mzee hapendi lifti, na lifti yetu siku hiyo, usiniulize, ilikuwa imelala. Vyumba vyote vya chini vilikuwa vimeshajaa isipokuwa kimoja. Wakapewa mia na kumi na nane. Mimi ndiye niliyewapeleka.

Asubuhi yake, saa moja na nusu, nilikuwa koridoni nasukuma kitoroli cha mashuka, nikasikia mtu anagonga ukuta kwa fimbo. Si kwa fujo. Mara tatu, ananyamaza, mara tatu tena. Nilikimbia. Mzee alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkono mmoja ukutani, miguu yake mitupu ndani ya zulia lililolowa. Aliniambia kwa sauti tulivu mno kwamba mke wake ameanguka, amemsikia akianguka, na yeye anaogopa kupiga hatua asije akamkanyaga.

Mkunga alikuwa sakafuni bafuni, amelalia ubavu, vigae viwili vimeng'oka chini yake kama meno mabovu. Nywele kavu, nguo ya kulalia kavu, bomba la kuogea limefungwa. Alikuwa hata hajaanza kuoga. Nilipomshika mkono nimwinue alinikaripia:

"Usinivute! Mimi si gunia. Nyonga imevunjika. Lete ubao, lete watu wawili wenye akili, na umtoe mume wangu kwenye maji."

Nikafanya hivyohivyo, kwa mpango huohuo. Alituelekeza mwenyewe namna ya kumwinua, mguu upi ushikwe wapi, nani ahesabu. Jasho linamtoka, lakini hakulia mpaka gari la wagonjwa lilipofika na mzee akaanza kuuliza, "Uko wapi? Uko wapi sasa?" Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Akamjibu, "Nipo hapa. Fuata sauti." Mpaka leo nikifumba macho naisikia hiyo, fuata sauti.

Gari la wagonjwa halijatoka getini, Meneja ameshaniita ofisini. Fomu ilikuwa mezani, imejazwa. Ilisema mgeni aliacha bomba wazi, akamwaga maji, akateleza kwa uzembe wake, na kwamba chumba kilikaguliwa kikakutwa hakina kasoro. Palibaki mahali pa sahihi ya shahidi. Akanipa kalamu. Na akasema nikimaliza nimletee daftari la matengenezo, maana kuna kurasa zimechakaa anataka kuzibadilisha.

Kaka, kalamu niliishika. Sitakudanganya kwamba niliitupa kama kwenye maigizo. Niliishika mpaka ikapata joto. Nikawaza juu yako, na nyumba, na ulivyonisimamia siku ile ya kwanza umevaa shati lako la kwendea kazi muhimu. Kisha nikamwona yule mama anatia tiki kwenye kisanduku alichokichora mwenyewe. Nikaiweka kalamu mezani nikamwambia sisaini, na daftari silitoi. Akatabasamu. Akaniuliza kama najua watu wangapi nje wanaitamani aproni yangu. Nikamwambia najua, na kila mmoja wao akilikanyaga zulia lile atayajua maji yaliyo chini yake. Akanipa likizo ambayo sikuiomba. Nikatoka getini na daftari ndani ya mfuko wa nguo chafu, mlinzi akanitakia mapumziko mema.

Wiki moja baadaye tuliitwa. Binti wa wazee wale hakukubali ile fomu. Alipiga simu makao makuu kila siku mpaka wakachoka kumsikia. Wakamleta mama mmoja anayesimamia huduma za wageni, mwenye suti nyeusi na kalamu tatu. Tulikaa ukumbi wa mikutano mchana wa Ijumaa, sote: yule mama, Meneja, dada wa mapokezi, Fundi Gundi, mimi, yule binti, na baba yake na fimbo yake. Mkunga alikuwa bado kitandani hospitali.

Meneja alieleza vizuri, ana kipaji cha kueleza. Sakafu ilikuwa kavu, chumba kilikaguliwa, mgeni ana umri mkubwa, ajali ni ajali. Fundi Gundi alipoulizwa alisema, "Gundi niliyopewa ndiyo niliyotumia," akainamisha kichwa. Kisha mama wa makao makuu akamgeukia mzee, amwulize aliona nini. Meneja akacheka kidogo, kwa adabu, akasema kwa heshima zote, mzee haoni. Atashuhudia kitu gani?

Mzee hakukasirika. Akasema:

"Ni kweli, sioni. Ndiyo maana nilisikia. Miaka arobaini nimetafuta mikwaruzo ndani ya redio za watu. Nilipoingia chumba kile nilisikia tone. Ukutani, upande wa kushoto, chini ya goti. Kisha nikakanyaga zulia, zulia likanijibu. Nikauliza mbona hapa pana maji. Nikaambiwa limetoka kufuliwa, bado halijakauka vizuri."

Lori moja likapita, vioo vikatetemeka. Mama wa makao makuu akauliza nani alimwambia hivyo. Mzee akaugeuza uso wake polepole kuizunguka meza, kama mtu anayetafuta stesheni, akaukomesha mahali. Akasema, "Mama, mimi si nimesema sioni?"

Hapa nimeweka kalamu chini, nikaenda kuchemsha chai, nikarudi. Chai imepoa na sijainywa. Kaka, wewe uliniambia nikiwa mdogo kwamba jambo zito hubebwa vizuri zaidi ukilinyanyua kwa mara moja. Basi.

Ni mimi. Uso wa mzee ulikoma mbele yangu. Mimi ndiye niliyeibandua ile karatasi ya mlangoni. Niliyoiandika kwa mkono wangu niliibandua kwa mkono huohuo, nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa aproni. Meneja aliagiza, hilo ni kweli na halibadiliki. Lakini hakunishika mkono. Ningeweza kusema hapana Alhamisi jioni, kabla mfupa wa mtu haujavunjika, na hapana ya wakati ule ingekuwa na maana kuliko zote nilizosema baadaye. Sikusema kwa sababu wiki ileile Meneja alikuwa amenidokeza kwamba nafasi ya msimamizi wa hoteli nzima iko wazi, na anatafuta mtu asiyemletea matatizo. Nilikuwa naitaka nafasi ile, kaka. Nilikuwa nimeshaanza kukuandikia kichwani barua ya kukuambia nimeipata. Nilikuwa hata nimechagua maneno ya kwanza.

Na nilipowafikisha chumbani, mzee aliponyanyua mguu wake na kuniuliza, "Binti yangu, mbona hapa pana maji?" nilimtazama usoni, nikaona hanioni, nikamwambia zulia limetoka kufuliwa. Mke wake alikuwa anafungua begi. Alisikia, akasema vizuri, angalau wanafua. Nikawatandazia taulo kubwa mlangoni mwa bafu, nikawatakia mapumziko mema. Kwa tabasamu. Tabasamu lenyewe mzee hakuliona, na bado nililitoa, ndivyo tulivyofundishwa.

Hilo ndilo nililokuwa nalo tumboni siku zote nilizojiita shujaa aliyekataa kusaini. Na mzee alijua. Sauti yangu aliijua tangu nilipowasalimu siku ile ya kikao. Angeweza kunitaja kwa neno moja, akanyamaza, akaniachia mlango wazi niamue mwenyewe kama naingia au natoka.

Nikasimama. Nikasema, "Mzee, ni mimi niliyekuambia vile."

Akasema, "Najua, binti. Nilikuwa nakusubiri."

Baada ya hapo hapakuwa na kitu cha kuogopa. Nilitoa daftari nikaliweka mezani, nikamfungulia yule mama kurasa zote nne. Nikaeleza niliyofanya, nikaeleza na nani aliyeagiza, na maneno aliyotumia. Meneja akasema mimi ni mtu anayezama na namshika yeye shingoni. Mama wa suti nyeusi akamuuliza dada wa mapokezi. Yule dada aliangalia kucha zake muda mrefu, nikadhani basi, nimebaki peke yangu, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeteua kila neno, "Alisema vyote ni vyote. Nilikuwepo." Siku hiyohiyo ukuta wa mia na kumi na nane ulibomolewa. Fundi alitoka na kipande cha bomba mkononi, akakibana kwa vidole viwili kikamomonyoka kama biskuti. Vyumba vyote vya chini vimefungwa, na matibabu ya Mkunga yako mikononi mwa kampuni mpaka atakapopona.

Mimi nimefukuzwa. Barua yao inasema nilifungua chumba kilichokuwa kimefungwa na nikamdanganya mgeni. Nimeisoma mara tatu nikitafuta uongo ndani yake, sikuupata, nikaisaini. Meneja yeye ameandikiwa ajieleze. Na hapo ndipo penye kiini cha ile simu aliyokupigia. Radhi anayoitaka si ya mdomo. Anataka niandike kwamba siku ile nilichanganyikiwa, kwamba hakuniagiza kitu, kwamba niliongea kwa hasira. Nikiandika, amesema kwa mdomo wake, atanitafutia nafasi kwenye hoteli nyingine ya kampuni. Nadhani hilo la nafasi alikuambia, na hilo la kuandika uongo akalisahau.

Siandiki, kaka. Langu nimelibeba mbele za watu na bado nalibeba. Lake simbebei. Mtu akiniambia nina kiburi nitakubali, maana nimegundua kiburi si kibaya kikikaa mahali pake. Kwangu kilichelewa siku moja tu. Na nakuomba jambo ambalo sijawahi kukuomba: usimpigie kuniombea. Nakuheshimu kama baba, na kwa heshima hiyohiyo nakwambia mlango huu usinifungulie. Kama aibu ipo, ni ya Alhamisi jioni nilipodanganya, si ya Ijumaa niliposema. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie ya Alhamisi. Hiyo nitaikubali yote, wala sitajitetea.

Radhi nimeshaiomba kwa aliyestahili kuombwa. Kesho yake baada ya kikao nilikwenda hospitali. Nilimkuta Mkunga ameinuliwa kwa mito, anamfokea muuguzi kwa namna alivyotandika shuka, na mimi kama mtu wa mashuka nikaona ana haki. Nikamweleza yote, bila kujipunguzia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimezalisha wanawake miaka thelathini na sita. Sijawahi kumwambia mama kwamba kila kitu ni salama huku naona damu." Akaniambia nisisimame pale kama mlingoti. Radhi leo hana, nirudi kesho, na nimlete mume wake, kwa sababu binti yao anafundisha mpaka saa nane na mzee hana wa kumshika mkono.

Tangu hapo ndiyo kazi yangu ya asubuhi. Mchana napiga pasi kwa dobi wa mtaa wa pili, hanichekei wala hanifokei, inatosha. Saa tatu namchukua mzee kwa binti yake. Ananishika kiwiko, nami inanibidi nimwambie kila kilichoko mbele: hapa shimo, hapa ngazi mbili, hapa maji, tukwepe kulia. Siku ya kwanza nilipotamka neno maji nilisimama. Yeye akasema, "Endelea, binti, tutachelewa." Kaka, sidhani kama maishani mwangu nimewahi kusema ukweli mwingi hivyo kwa asubuhi moja. Kila siku nikimfikisha namuuliza Mkunga, na kila siku ananijibu, leo bado. Sijachoka kuuliza. Wala yeye hajaniambia nisije.

Nisalimie wifi sana, mwambie namshukuru kwa kunisomea ujumbe ule bila kuuongezea chumvi. Wabusu watoto, na huyo mkubwa mwambie shangazi yake anasema miwani ni ya kuvaa usoni. Endelea kufunga dirisha. Nijibu ukishapoa, si kabla; nitangoja.

Naishia hapa kwa sababu inanibidi niamke mapema. Kesho saa nne Mkunga anajaribu kusimama kwa mara ya kwanza. Muuguzi atashika upande wa kulia, na mimi nimeambiwa nishike wa kushoto. Hajasema amenisamehe. Amesema nisichelewe.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba